Dubu kwenye Kamba ya Nguo

Kitu cha kwanza Mdogo alichokiona ni kiganja cha dada yake. Watu wengine mle dukani walipima viatu vya watoto kwa namba iliyoandikwa chini ya soli, au kwa kipande cha uzi walichokuja nacho kutoka nyumbani. Dada yake alipima kwa kiganja. Alikilaza kiatu cheupe mkononi, kisigino kikakaa kwenye mstari wa kifundo cha mkono, ncha ikagusa pale vidole vinapoanzia, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyekutana na jamaa yake njiani.

"Hiki hiki," alisema.

Mdogo alikitazama kile kiatu. Kingemtosha Bosi zamani, alipokuwa bado anatambaa na kula pindo za mapazia. Bosi wa sasa alikuwa na miguu minene kama mikate miwili, na alitembea kwa kishindo kama mwenye nyumba anayefuata kodi. Mdogo alifungua mdomo aseme, muuzaji akamuwahi.

"Mama ana jicho huyu," alisema muuzaji. "Wengine wanakuja hapa na mtoto mwenyewe na bado wanakosea."

Dada yake akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu asubuhi. Mdogo akaufunga mdomo. Nani angemwambia mtu kwamba mguu anaoukumbuka haupo tena?

Mdogo lilikuwa jina la utani tu. Alizaliwa wa mwisho kwao, wakamwita hivyo, na jina likamganda. Hata wateja wa dobi alikofanya kazi ya kupiga pasi walimwita hivyo, wazee wazima na mvi zao. Bosi naye alikuwa na jina zuri la kwenye cheti, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mtoto wa kike wa miaka miwili na kidogo, aliyekuwa akikaa juu ya lundo la nguo chafu na kunyoosha kidole: leta, toa, hapana. Dobi ndiye aliyeanza kumwita Bosi, na mtaa mzima ukafuata.

Bosi alikuwa mtoto wa dada. Dada yake alipata kazi ya upishi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, kambi inayohama kila barabara inaposogea, ambako mtoto haruhusiwi. Akaondoka, mtoto akabaki. Jumapili iliyopita alirudi na begi moja na maneno machache: kambi sasa imetulia mahali pamoja, amepewa chumba chake, chenye mlango na kitasa, na likizo yake ni ya wiki moja tu. "Akinizoea," alisema, "Jumamosi naondoka naye. Sitaki kumbeba analia njia nzima kama nimemwiba. Akinizoea tu."

Tatizo ni kwamba Bosi hakutaka kumzoea. Dada alipofungua mikono, Bosi alijificha nyuma ya gauni la Mdogo na kuchungulia kwa jicho moja, kama anavyomchungulia msoma mita. Dada alipoimba, Bosi alisema hapana. Usiku dada alipolala upande wa pili wa kitanda, Bosi alimsukuma kwa miguu yote miwili bila hata kuamka. Ndipo dada alipoamua kwamba dawa ni zawadi. Zawadi moja ya maana, mtoto afurahi, amjue anayemletea.

Na aliyetakiwa kusaidia kuichagua ni nani? Ni Mdogo. Alikuwa kama mtu anayeombwa anoe kisu cha kumkatia kamba yake mwenyewe ya nguo, tena aambiwe anoe vizuri.

"Mtoto mwenyewe anapenda nini?" muuzaji aliuliza. Alikuwa kijana wa maneno mengi, na shingoni alining'iniza filimbi ya plastiki ambayo hakuna aliyemwomba aipulize.

Dada akageuka kumtazama Mdogo. Ndivyo alivyokuwa tangu Jumapili: swali likija, anageuka. Analala saa ngapi? Anageuka. Anakunywa maziwa? Anageuka. Na kila alipogeuka, uso ulikaza kidogo zaidi, kama mtu anayelazimika kuuliza njia kwenye mtaa aliozaliwa.

"Sema basi," alisema. "Wewe ndiye unayeshinda naye."

"Anapenda vifuniko."

"Vifuniko vya nini?"

"Vya makopo. Vya masufuria. Anavipanga chini, halafu anavikalia."

Muuzaji alicheka. Dada hakucheka.

"Nimetoka kote kule kuja kumpa mwanangu kifuniko?"

Si umeuliza anachopenda, Mdogo alimjibu. Alimjibu moyoni, maana huko ndiko alikokuwa hodari wa kujibu. Mdomoni alisema, "Basi vibanio vya nguo."

"Vibanio."

"Anapenda kubana. Anabana pazia, anabana shati la Dobi. Juzi alimbana mteja mmoja kwenye suruali, akaenda nacho hadi kwake."

"Mdogo, tafadhali. Kitu cha dukani. Kitu cha kufungwa kwenye karatasi ya zawadi."

"Mama amesema vizuri," alisema muuzaji. "Vibanio hata nyumbani vipo."

Akaanza kuteremsha vitu kutoka kwenye rafu. Akateremsha simu ya kuchezea, ngoma, gari la moshi lenye taa, jogoo wa bluu, chombo fulani chenye herufi ambacho hata yeye hakujua kinaitwaje. Kila kitu mle dukani kilikuwa na kitufe, na kila kitufe kilikuwa na la kusema. Dada alivibonyeza vyote. Jogoo akawika, ngoma ikalia, gari likapiga honi, kimoja hakijanyamaza kingine kimeanza, hadi mwanamke aliyekuwa akichagua madaftari upande wa pili akashika kichwa.

"Hili gari?"

"Ataliogopa likikimbia lenyewe," alisema Mdogo.

"Ngoma?"

"Dobi atatufukuza."

"Kitabu cha picha?"

"Anakula karatasi."

"Kila kitu wewe hapana." Dada aliirudisha ngoma kwa nguvu, ikalia tena. "Nauliza anapenda nini, unanitajia vyombo vya jikoni. Nachagua mimi, hapana. Umeiga kwa mtoto au mtoto ameiga kwako?"

Mdogo alihisi masikio yakipata moto. Kilichomuudhi hasa ni kwamba kila alichosema kilikuwa kweli tupu, na bado kilitoka mdomoni mwake kama hila. Angejuaje mwenyewe kama si hila? Kama angeijua ile zawadi moja ya kumleta Bosi mbio mikononi mwa mama yake, angeitaja? Alijiuliza hivyo katikati ya jogoo na magari ya moshi, na hakupenda kulingoja jibu.

Muuzaji akaona biashara inayumba, akaingia stoo. Alirudi amebeba dubu wa manyoya rangi ya kahawia, mkubwa kuliko Bosi mwenyewe, amefungwa ndani ya nailoni kama shati jipya.

"Huyu sasa ndiye mwisho wa maneno," alisema. "Ukimbonyeza tumbo anaimba, halafu anakwambia anakupenda."

"Kwa lugha gani?" dada aliuliza.

"Kwa lugha yake."

Dada akambonyeza. Dubu akaimba kwa sauti nyembamba ya puani, kisha akasema maneno mawili matatu ambayo hakuna aliyeyaelewa. Uso wa dada ulilainika. Alimpokea yule dubu, akamshika chini ya makwapa, akamweka begani na kumpigapiga mgongoni polepole. Mdogo aliitazama mikono ile. Ilikuwa imejaa alama za moto wa masufuria makubwa, na ilikuwa inajua kabisa kubeleka na kubembeleza, ila haikuwa na wa kumbembeleza.

Lakini dubu alikuwa na macho. Bosi haogopi mbwa, haogopi radi, ila kitu chenye macho yasiyofumba kinamtoa roho. Kuna koti la mteja mmoja lenye vifungo viwili vikubwa kifuani, ambalo Dobi hulitundika likiwa limegeuzwa ndani nje kwa ajili yake.

"Dada," alisema Mdogo. "Macho."

"Macho yana nini?"

"Ni makubwa."

"Macho ndiyo mali ya huyu," alisema muuzaji.

"Umesikia?" dada alisema. "Ndiyo mali yake." Na hakugeuka tena kuuliza.

Walirudi kwa miguu, dada mbele na dubu begani, Mdogo nyuma na viatu vyeupe ndani ya boksi. Watu walimpisha dubu njiani kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kila dada alipokanyaga vibaya tumbo lilibanwa, wimbo ukaanza upya, na yale macho mawili ya kioo yakamkodolea Mdogo njia nzima juu ya bega la dada yake. Alikuwa na hasira na dubu, na muuzaji, na filimbi yake. Zaidi alikuwa na hasira na ulimi wake, uliokuwa umelala mdomoni kama soksi iliyolowa.

Kwa Dobi palikuwa na vyumba viwili: cha mbele chenye meza ya kupigia pasi na rafu za nguo safi, na cha nyuma chenye makarai, mlango wake ukitazama uani zilikofungwa kamba. Dobi alikuwa mwanamume mnene, mjane, mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji kama zabibu kavu. Utaratibu wake ulikuwa mmoja na hakuwahi kuuvunja: chochote kinachovuka kizingiti kinakwenda kwenye lundo, kikitoka kwenye lundo kinashonwa uzi wa rangi mahali pa siri ili mwenyewe ajulikane, kisha kinaingia majini. Uzi mwekundu ni wa mwalimu, wa kijani ni wa nyumba ya wageni, wa njano ni wa mteja mpya. Bosi mwenyewe alikuwa na uzi wa zambarau kwenye kila gauni, asije akapotelea kwenye mashuka.

Siku ile Dobi ndiye aliyekuwa amebaki naye. Walimkuta amekaa juu ya lundo, kabana kibanio kwenye kola yake.

"Bosi," dada aliita kwa sauti ya asali. "Njoo uone mama amekuletea nani."

Akamtokeza dubu na kumbonyeza tumbo.

Bosi hakulia mara moja. Kwanza alinyamaza, mdomo ukawa mraba, uso ukapanda rangi. Dubu alipofika kwenye maneno ya mapenzi ndipo kilio kilipotoka, kilio cha mtu anayechinjwa, na akaruka kutoka kwenye lundo moja kwa moja hadi kwenye miguu ya Mdogo, akapanda hadi kiunoni, hadi kifuani, akaficha uso shingoni.

"Dodo," alilia. "Dodo, toa."

Dodo ndiyo mama mdogo, kwa kinywa cha Bosi.

Viatu navyo havikuingia. Dada alipiga magoti sakafuni, akajaribu mguu wa kulia, akajaribu wa kushoto, akafungua kamba zote, akasukuma. Vidole vya Bosi vilikunjika mlangoni mwa kiatu na kugoma hapo.

"Havitoshi," alisema Dobi kwa upole.

"Nimeona kwamba havitoshi." Dada alibaki amepiga magoti, kiatu mkononi. Kisha akamwinulia Mdogo macho. "Wewe ulijua. Ulikuwa umesimama pale pale pembeni yangu. Mbona hukusema?"

Mdogo alikuwa na majibu. Alikuwa nayo matatu, yamepangwa kama mashati. Akasema, "Samahani, dada."

"Samahani ya nini? Mimi nataka kusemeshwa. Naishi na watu wanaopiga kelele mchana kutwa, nakuja kwetu nakuta ukuta."

Kesho yake alikwenda dukani peke yake kubadilisha viatu. Safari hii alichukua ndala anayoivaa Bosi sasa, ya kupimia. Dubu alimwacha chumba cha mbele, kamkalisha kwenye kiti cha wateja, akisema mtoto akimwonaona kidogo kidogo atamzoea. Mdogo alijua kwamba maneno hayo hayakuwa ya dubu peke yake.

Alikuwa anapiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Mteja mmoja, mama wa makamo, aliingia kuchukua sare zake, akamwona dubu, akasema, "Mama Bosi, hongera, mmepata mgeni." Mdogo alikuwa ameitwa hivyo mara nyingi na hajawahi kulisahihisha, maana kumsahihisha mtu ni lazima uanze kusema. Leo neno lilimchoma. Alimpa mama yule sare zake, akarudi kwenye shuka.

Bosi alikuwa akimzunguka dubu. Alikwenda kwa mbali, kando ya ukuta, kama askari. Akasimama. Akatoka tena. Mwisho akafika nyuma ya kiti, mahali yale macho yasipofika, akamshika mguu, akamvuta. Dubu akaanguka kifudifudi. Bosi akangoja aone kama ataimba. Hakuimba. Basi akamburuta sakafuni, akihema, mpaka chumba cha nyuma, akampandisha juu ya lundo la nguo chafu. Kilichovuka kizingiti kinakwenda kwenye lundo. Alikuwa hajui sheria nyingine duniani. Kisha akapangusa mikono kwenye gauni, vile vile anavyofanya Dobi.

Mdogo aliyaona yote kupitia mlango uliokuwa wazi. Alimwona pia Dobi akija kutoka uani, akipiga mluzi, akikumbatia lundo zima kwa mikono miwili bila kutazama, maana mtu aliyefua maisha yake yote hatazami. Pasi ilikuwa mkononi. Angeweza kuiweka. Angeweza kusema, "Dobi, ngoja." Ni maneno mawili, hata mtoto anayaweza. Aliipitisha pasi kwenye ukingo wa shuka, akaurudia ukingo ule ule, ingawa ulikuwa umenyooka.

Kutoka chumba cha nyuma ulisikika wimbo, nusu mstari, ukizama. Kisha mapovu.

"Huyu naye wa nani?" aliuliza Dobi.

Dada aliporudi na boksi jipya la viatu, dubu alikuwa uani. Alikuwa ametundikwa kwa masikio, vibanio vinne kila upande kwa sababu ya uzito, maji yakimchuruzika miguuni. Manyoya yalikuwa yamemlalia usoni yakafunika macho yote mawili. Chini yake alisimama Bosi. Alikuwa akicheka, kicheko cha tumboni, na kila alipopata kibanio alikibana kwenye kidole cha dubu, akapiga hatua nyuma, akatazama kazi yake, akasema, "Bado."

Dada alisimama kwenye mlango wa uani. Kwanza alimwona mtoto anavyocheka. Kisha akaona maji.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi," alisema Dobi. "Nimemkuta kwenye lundo, hana alama. Nikamwekea uzi wa njano, wateja wapya wote ni wa njano. Kumbe ana injini ndani. Nisamehe, mama."

"Kwenye lundo amefikaje? Nilimwacha kwenye kiti."

"Bosi ndiye aliyempeleka."

"Na huyu alikuwa wapi?"

Huyu alikuwa amesimama kati ya karai na mlango. "Nilikuwa napiga pasi," alisema Mdogo.

"Ulimwona?"

Mdogo alinyamaza, na safari hii kunyamaza kwenyewe kulikuwa jibu.

"Alimwona," dada alimwambia Dobi, kama vile Dobi ni hakimu. "Aliona viatu havitoshi, kimya. Kaona zawadi ya mtoto inaingizwa kwenye sabuni, kimya. Na huyu ndiye mtu ninayemwomba msaada. Nisingemwomba, ningejua moja."

Dobi alipata kazi ya haraka kwenye kapu la soksi.

Dada alitua boksi chini, akaenda kwenye kamba. Akang'oa vibanio kimoja kimoja na kuvitupa, akamteremsha dubu, mzito kama gunia. Akambonyeza tumbo. Yakatoka maji. Akambonyeza tena kwa ngumi, maji zaidi, wala si sauti. Ndipo hasira zikampanda, akamshika dubu kichwa kwa mikono yote miwili akaanza kumkamua, anasokota huku meno yameumana, maji yanamrukia gaunini, na miguu ya dubu inazunguka hewani kwa kuwa hakuna aliyeishika.

Hilo Bosi hakuweza kuliacha hivyo. Kwao, kitu kizito kikikamuliwa kinashikwa na wawili; tangu alipojua kusimama alikuwa akishika ncha ya pili ya kila shuka. Akavuka ua kwa ule mwendo wake wa kishindo, akadaka miguu ya dubu, akajipanga, akamtazama usoni mwanamke aliyekuwa upande wa pili.

"Kamua," aliamuru.

Dada akaacha kupumua. Kisha, polepole sana, akasokota. Bosi akasokota upande wake, ulimi nje. Maji yakatoka.

"Tena," alisema Bosi.

Wakakamua tena. Mkono wa dada ulishuka taratibu hadi ukafunika ule mdogo kwenye paja la dubu, na ule mdogo haukukimbia. Dada alichutama. Sasa uso ulikuwa karibu na uso. Bosi alichukua kibanio kilichokuwa kwenye kola yake, akafikiri kidogo, akakibana kwenye mkono wa gauni la mama yake.

"Umeona?" alisema dada kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye ndege ametua begani mwake. Hasira zote zilikuwa zimemwishia, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyajali. "Mdogo, umeona? Amekuja mwenyewe. Basi Jumamosi hatatusumbua."

Mdogo aliona. Alifurahi, kwa kweli alifurahi, lakini akabaki na neno moja. Hatatusumbua. Kwamba yeye naye yumo kwenye hao wasiotakiwa kusumbuliwa. Kwamba atafungasha magauni yenye uzi wa zambarau, atayakunja vizuri kwa kuwa ndiyo kazi yake, atabeba begi hadi kituoni, atapunga mkono.

"Dada," alisema. "Hujaniuliza."

"Sijakuuliza nini tena? Tangu Jumapili nakuuliza wewe tu. Anapenda nini, anakula nini."

"Hayo umeniuliza."

Dobi aliacha kuchagua soksi.

"Ulipomwacha, hukuniuliza," alisema Mdogo. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ikitoka. "Nilirudi kutoka kazini kwa fundi cherehani nikamkuta kwenye kitanda changu, umemzungushia mito. Wewe ulikuwa umeshapanda gari. Fundi hakutaka mtoto kwenye sindano zake, ndiyo maana nikaja hapa. Sikukasirika. Labda nilikasirika kidogo. Sasa unamchukua, na bado hujaniuliza."

"Ningekuuliza ungekubali?"

"Ningekubali."

"Basi."

"Lakini hukuniuliza."

Dada alijipangusa uso kwa bega, maana mikono ilikuwa imeshikwa. "Mdogo wangu, huyu ni mtoto wangu."

"Najua."

"Nimesimama kwenye moto wa watu kwa ajili yake. Kile chumba nimekipigania. Kila usiku nilikuwa nakipanga kichwani, kitanda chake hapa, changu hapa."

"Najua, dada."

"Kama unajua, unataka nikuulize nini?"

"Kama nataka aende."

Bosi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akavuta miguu ya dubu kuwakumbusha kwamba kazi haijaisha.

Dada alikuwa amechoka, na alionekana amechoka. Angeweza kusema kwamba swali hilo halina maana, na asingekuwa amekosea. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta namba chini ya soli.

"Haya," alisema. "Unataka aende?"

Mdogo alijua jibu linalotakiwa. Alikuwa amejifundisha wiki nzima juu ya meza ya pasi, kila shuka na sababu yake: mtoto ni wa mama yake, chumba kina mlango na kitasa, mtoto hawezi kukulia kwenye lundo la nguo za watu, na amekuja mwenyewe, kila mtu amemwona. Zote zilikuwa kweli na alikuwa hana hata moja ya kuikataa.

"Sitaki," alisema. "Ni wako na utaondoka naye, lakini mimi sitaki aende."